Uzito wa Mwenye Hoteli

Gatini, mjini
Jumatatu, 3 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hupendi simu, unasema simu ni kuzungumza mbele za watu. Kwa hiyo nakuandikia, na barua hii ataileta rubani mwenzangu Ngongoti mwenyewe, kwa ndege ileile ambayo hadi Ijumaa nilikuwa nairusha mimi. Usishtuke. Mimi mzima, ndege nzima. Kilichovunjika ni heshima ya mtu mmoja tu.

Ilikuwa hivi. Safari ya saa nane mchana kuja kwako, abiria sita. Unalijua joto la saa nane. Upepo ulikuwa umelala na mto umetulia kama maji ya kwenye beseni, na maji yakitulia hivyo hung'ang'ania yale maboya mawili ambayo ndege yetu inakalia, hayataki kuyaachia. Mbele yangu kuna daraja. Ama nimeshapaa kabla ya kulifikia, ama tunazungumza mengine. Siku kama hiyo kila kilo ina neno lake. Ndiyo sababu kila abiria wetu anapanda mzani, yeye na begi lake, na mpimaji anaita uzito kwa sauti ili rubani aliye ndani asikie na kupanga nani akae mbele, nani nyuma.

Wa sita alikuwa Mwenye Hoteli. Ndiye mwenye ile hoteli ya vioo iliyo juu ya gati letu, na ngazi wanazoshukia abiria ni zake, tunapita kwa hisani yake. Watano walikuwa wameshaketi. Akautazama mzani kama mtu aliyekaribishwa kwenye kiti kibovu, akasema, "Andika themanini." Shangazi, mtu yule akiwa themanini basi mimi ni unyoya. Nikateremka, nikamwambia kwa adabu zote, "Mzee, naomba upande mzani." Akasema yeye hapimwi kama gunia. Nikamwambia, "Basi hawa watakwenda na wewe utabaki." Akadhani natania. Nikafungua kamba mwenyewe, nikawasha injini, nikaondoka. Mama mmoja mtu mzima mwenye miwani mikubwa, kiti cha mbele, alicheka mpaka tukalipita daraja.

Jioni meneja alinivua mistari ya mabegani mbele ya mafundi. Amesema nitarudi kwenye usukani siku nitakayomwandikia Mwenye Hoteli barua ya kumwomba radhi. Mwezi ukiisha bila barua, kazi imeisha. Kwa sasa ameniweka kwenye mzani, mimi ndiye mpimaji. Nadhani alitaka niaibike.

Kampuni ya ndege za majini ni hii moja, najua. Nilivyohangaika mpaka nikaipata hii kazi, unajua wewe. Siandiki ng'o.

Kiroboto wako


Gati la juu, ziwani
Jumatano, 5 Machi

Kiroboto mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikakaa chini.

Ulivyofanya ni sawa. Sitaki uje useme Shangazi alisema nimekosea. Lakini kufanya sawa ni jambo moja na kubaki kazini ni jambo la pili, na la pili ndilo linalokulisha. Andika barua hiyo. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Utabusu mara moja, utafuta mdomo, kesho uko angani. Nani atakumbuka?

Sisi huku hatujambo. Meneja wako alikuja na ndege ya jana. Alikaa hapa kwenye chumba changu cha chai muda mrefu, akanywa vikombe viwili, akaisifu rangi niliyopaka ukutani, akauliza chumba kina upana gani. Mtu wa adabu sana. Alinisaidia hata kusogeza benchi ili aone sakafu.

Usiniulize maswali mengi. Mimi nimekulea tangu hujaweza kujifunga viatu, naomba mara hii unisikilize bila kujibizana. Andika wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi.

Shangazi yako


Gatini, mjini
Ijumaa, 7 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma, kisha nikaitazama sahihi mara mbili nione kama ni yako.

Ni wewe kweli? Wewe uliyemrudisha mchumba mlangoni, na mahari kashika mkononi, kwa kuwa alimwita baba yangu "wewe"? Wewe uliyeniambia siku naanza masomo ya urubani kwamba nikiogopa watu kuliko ninavyoogopa maji nitazama nchi kavu? Leo mtu ana hoteli ya vioo, basi nimbusu mkono.

Kwa taarifa yako, mzani nimeuzoea. Napima mawakili, napima maharusi, napima mpiga ngoma na ngoma yake. Naita kwa sauti mpaka ng'ambo ya mto wanajua nani kanenepa. Hakuna aliyekufa. Mwenye Hoteli sasa anakwenda kwa gari kukagua ujenzi wake huko kwenu, siku nzima ya mashimo na vumbi. Mzani ungemchukua dakika. Meneja anapita kila asubuhi ananiuliza, "Kalamu imepatikana?" Namjibu kalamu ipo, maneno ndiyo hayapo.

Nitasema jambo ambalo litakuuma. Naona umezeeka, Shangazi. Au umeanza kuwaogopa wanaokunywa chai yako. Kama ni hivyo ni shauri lako, lakini usiniambukize.

Mpwa wako


Gati la juu, ziwani
Jumatatu, 10 Machi

Mpwa wangu,

Nimezeeka, kweli. Kioo kilishaniambia kabla yako.

Sina la kuongeza. Abiria wa Jumamosi kasahau mwavuli mweusi hapa, mwambie aufuate kabla mwezi haujaisha. Baada ya hapo sijui atamwona nani.

Shangazi yako


Gati la juu, ziwani
Jumatano, 12 Machi

Rubani mwenzangu,

Ni mimi, Ngongoti. Upepo wa leo umenifungia huku, mawimbi hayaruhusu kupaa, kwa hiyo nina muda na nina kalamu. Barua hii nampa dereva wa lori anayekuja mjini usiku, maana sitaki ipite mikononi mwa meneja.

Kwanza, kiti chako nimekikalia kwa kuamriwa, sikukiomba. Miguu yangu yenyewe haienei pale, unajua. Sikukutetea siku ile ulipovuliwa mistari na hilo linanikera, lakini nina watoto, na wewe unanijua.

Pili. Shangazi yako ameniapisha nisikuambie neno. Nimeapa kwa mdomo, kwa kalamu sijaapa. Meneja alimwambia hivi, mimi nikiwa nasikia nikifunga kamba nje ya dirisha: "Mama, mpwa wako asipomwandikia yule mzee, chumba hiki tunakifunga. Ni mali ya kampuni, na Mwenye Hoteli hapendi kuiona familia yenu kwenye gati." Shangazi yako akamuuliza kama atapenda sukari. Basi. Leo nimemkuta fundi anapima milango kwa futikamba, na Shangazi amekaa palepale anakatakata mkate kana kwamba yule fundi ni nzi.

Unajua chumba kile ndicho riziki yake yote. Alikikuta ghala la matanki matupu, akakifanya mahali ambapo abiria wanachelewa kupanda ndege makusudi. Nimeona vyema ujue unachomchukia ni kitu gani. Uamuzi ni wako, mimi siko upande wowote.

Hapana, hilo la mwisho nimedanganya. Niko upande wako, ila kwa sauti ndogo.

Ngongoti


Gatini, mjini
Ijumaa, 14 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Nilikuita mzee na mwoga, kumbe ulikuwa unabeba mzigo wangu na wako. Usimgombeze aliyeniambia.

Nimeshinda. Yaani wao wameshinda, nami nimeshindwa, na sijali tena. Kazi yangu naweza kuipoteza kwa kiburi changu mwenyewe, chumba chako siwezi kukipoteza. Barua nimeiandika. Nakuletea nakala uone kama imekaa vizuri, maana sijawahi kuandika kitu cha namna hii na mkono unaniuma hadi kwenye kiwiko. Ukisema imefaa, Jumatatu naipeleka.

"Mheshimiwa, mimi rubani niliyekuacha gatini nakuomba radhi kwa unyenyekevu. Sikupaswa kumpima mtu wa hadhi yako. Neno lako lilitosha. Naahidi kwamba siku nyingine ukitaja uzito wako nitauandika kama ulivyoutaja. Wako mtiifu."

Ndiyo hiyo. Usiisome kwa sauti.

Kiroboto wako


Ukingoni, juu ya gati la ziwani
Jumamosi, 15 Machi

Kiroboto,

Barua yako ilifika jana asubuhi. Nimeisoma. Nimewashia jiko.

Ngongoti nimemnyima sukari, na atakunywa chungu mpaka nitakapoamua. Sasa nisikilize mimi.

Niliyekwambia uubuse mkono ni mimi, na niliogopa, tusizungushe maneno. Nilikiogopea chumba. Nilikipaka rangi kwa mikono hii, nikaona heri wewe uiname kidogo kuliko mimi nitoke. Lakini nilipoyaona maneno yale kwa mwandiko wako, "neno lako lilitosha", hasira ilinipanda. Maana nimemwona rubani atakayekuja baada yako. Ataambiwa "andika themanini" naye ataandika, kwa kuwa wewe uliandika. Na daraja halitahama. Wale watakaolala chini ya daraja hilo watakuwa wamekunywa chai yangu nusu saa kabla, au watakuwa wanakuja kuinywa. Chumba gani kina thamani hiyo?

Basi jana mchana meneja alipokuja nilimpa funguo. Hakuzitarajia, alizishika kama mtu aliyepewa samaki hai. Nikamwambia chumba ni cha kampuni, lakini birika ni langu, jiko ni langu, viti ni vyangu na mdomo ni wangu. Nimevipandisha vyote hapa ukingoni, kwenye kipande ambacho hata Mwenye Hoteli hajakijengea. Abiria wa jana walitazama chumba kimefungwa, wakatazama juu, wakapanda kunifuata. Mmoja alipanda na fimbo yake. Meneja alibaki chini peke yake na funguo zake.

Kwa hiyo huna tena cha kunilinda. Umebaki wewe na mzani.

Ila kuna jambo, na hili ulisome taratibu. Yule mama wa miwani mikubwa aliyecheka mpaka daraja amepita hapa juzi akirudi mjini. Unajua ni nani? Ni mama mzaa mkewe. Mkwe, mwanangu. Mwenye Hoteli alikuwa anamsindikiza mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa ameshaketi mbele masikio wazi, na ninyi mnaita uzito wa watu kama mnada wa ng'ombe. Mwanamume gani atakubali kilo zake zitangazwe mbele ya mkwewe? Yule hakuukataa mzani. Aliukataa mdomo. Kisha kiburi kikamzuia kusema sababu, na kiburi chako kikakuzuia kuuliza.

Kutaka kumpima ni sawa, kutaka kumtangaza ni vibaya. Hilo moja muombe radhi, na uombe kwa moyo, maana ni haki yake. Lile lingine, ukiliomba tu, usije kwangu tena.

Shangazi yako, ambaye hajazeeka


Gatini, mjini
Jumatatu, 17 Machi

Kwa Mwenye Hoteli

YAH: RADHI NINAYOKUOMBA NA RADHI NISIYOKUOMBA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye rubani niliyekuacha gatini. Nimeagizwa nikuombe radhi, nami nakuomba, ila kwa kipimo.

Nakuomba radhi kwa kelele zetu. Tangu kampuni ianze, uzito wa abiria huitwa kwa sauti kwa kuwa injini inanguruma na rubani yuko ndani. Hatukuwahi kufikiri kwamba anayesikia si rubani peke yake. Nimejua baadaye ni nani aliyekuwa kiti cha mbele siku ile. Ningekuwa wewe, nami ningetaja namba ya uongo, na pengine ningetaja ndogo kuliko yako. Ilikuwa aibu ambayo hukustahili, na wiki hizi mbili nimewatwisha wengine aibu hiyohiyo kwa sauti yangu mwenyewe, nikiona naweza kazi. Kuanzia leo asubuhi uso wa mzani nimeugeuzia ukutani. Mpimaji anaandika kwenye kipande cha karatasi, karatasi inaingia mkononi mwa rubani, na safari ikiisha inachanwa. Sikumwomba mtu ruhusa.

Sikuombi radhi kwa kukuacha. Mto ule mpaka darajani ni mfupi na siku ile haukuwa na upepo. Kwenye ndege walikaa watu watano na mmoja wao ni bibi wa wanao. Ningeandika themanini ningekuwa nimekuheshimu wewe na kuwadharau wao, na wewe mwenyewe ungekuwa humohumo ndani. Ukija kesho bila kupimwa nitakuacha tena. Akija meneja nitamwacha. Ngazi ni zako, na ukizifunga tutashushia abiria kwenye matope, tuwapime matopeni.

La mwisho. Huko ziwani kuna chumba cha chai kimefungwa kwa jina lako, na mwanamke aliyekitengeneza amehamia nje. Sijui kama uliagiza. Ikiwa hukuagiza, ni vizuri ujue mambo yanayofanywa kwa jina lako wakati wewe uko barabarani unahesabu mashimo.

Wako, lakini mtiifu kwa mzani,
Rubani


Gatini, mjini
Alhamisi, 20 Machi, asubuhi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii inakuja na Ngongoti wa asubuhi. Tafadhali mpe sukari.

Jana Mwenye Hoteli aliteremka ngazi zake akiwa na begi mkono mmoja na barua yangu mkono wa pili. Meneja alimkimbilia karibu ajikwae, akisema, "Mheshimiwa, hakuna haja, wewe pita tu." Yule mzee akampita. Akaja moja kwa moja akapanda mzani, yeye na begi. Nikatazama, nikaandika, nikakunja, nikampa Ngongoti. Uzito wake siutaji hata kwako, kwa hiyo usijisumbue kuniuliza.

Aliposhuka akaniuliza, "Hii barua ulilazimishwa?"

"Nililazimishwa kuandika," nikamwambia. "La kuandika sikulazimishwa."

Hakucheka. Akamgeukia meneja. "Radhi yangu nimeipata. Ile nyingine sikuidai. Sasa nani amefunga chumba cha chai?" Meneja akaanza habari ya mipango ya kampuni na upana wa sakafu. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mama mkwe wake ameulizia chai ya pale mara mbili tangu arudi, naye hataki kuulizwa mara ya tatu. Akapanda ndege. Mama wa watu sijui alimwambia nini nyumbani, lakini mtu yule hakuonekana kama aliyekuja kwa hiari yake yote.

Ndege ilipoondoka meneja akatoa mistari yangu mfukoni. Ilikuwa humo muda wote, imejikunja. Akaninyooshea pale mzanini kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Shangazi, nilikuwa naitaka mistari hiyo mpaka mikono inaniwasha. Nikamwambia kwanza funguo.

Akaniuliza kama najua naongea na nani. Nikamwambia najua, nilimpima wiki iliyopita.

Funguo ninazo. Ukitaka kurudi chumbani, rudi. Ukiona huko ukingoni kunakufaa zaidi, baki, na funguo uzitupe ziwani mwenyewe, nitakushikia mkono. Mistari nimekataa kuipokea hapa. Alinivua mbele ya watu, basi atanivalisha mbele ya watu, huko kwako, birika likiwa jikoni na abiria wameketi. Amekataa. Nikachukua kiti, nikakaa juu ya mzani wangu, nikamwambia sina haraka. Leo asubuhi Ngongoti naye kamwambia mchana miguu itamuuma, hawezi kurusha. Kasema kwa sauti kubwa, wote tukamsikia.

Kwa hiyo meneja amesalimu amri, nami nakuja na ndege ya saa nane, kwenye usukani, mabega matupu. Abiria ni sita, na meneja ni mmoja wao. Ameniuliza sasa hivi, kwa sauti ya chini, kama hata leo wafanyakazi wa kampuni nao wanapimwa.

Nimemwonyesha mzani.

Kiroboto wako